ROD SERLING: MWANDISHI ALIYEKATAZWA KUSEMA, AKAFUMBA

  Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike makala ya kuwafaa wenzangu wanaopenda kuandika michezo ya kuigiza. Nimeamua kuwaletea maisha ya Mmarekani mmoja aliyeitwa Rod Serling, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika michezo ya runinga na filamu. Huenda ukauliza, "Ya Wamarekani yatuhusu nini sisi wa shule ya kutwa?" Tulia, usiwe na pupa. Kwanza nikueleze nilivyomfahamu.

CHANZO CHA MAKALA HAYA

Muhula wa kwanza niliandika mchezo nilioupa jina "Basari". Ulihusu msichana anayerudishwa nyumbani kwa kukosa karo, ilhali orodha ya basari imejaa majina ya watoto wa watu wenye uwezo. Mambo hayo sikuyaota. Wakati nikiandika, mwenzangu ninayekaa naye dawati moja alikuwa nyumbani wiki ya nne, na upande wake wa dawati ulikuwa umejaa vumbi.

Tulifanya mazoezi tukaiva. Mchezo ulikuwa uigizwe Siku ya Wazazi. Zilipobaki siku sita, tukaambiwa usiigizwe, ati wageni wangeudhika. Basi hivyo tu! Nililia kwikwi, nikaapa kwamba sitashika kalamu tena ng'o.

Mwalimu mlezi wa chama aliniita, akanivutia kiti. "Keti, mwanangu. Wewe unadhani ndiwe wa kwanza kukatwa kalamu?" Akafungua kipakatalishi chake, akanionyesha mchezo wa zamani usio na rangi, wa dakika ishirini na tano hivi. Ulipokwisha nilikuwa nimesahau kulia. Nikamuuliza, "Mwalimu, nani aliandika huu?" Hapo ndipo niliposikia jina la Serling kwa mara ya kwanza. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari zake kila nipatapo nafasi.

UTOTO NA VITA

Rod Serling alizaliwa tarehe 25 Desemba 1924 katika mji wa Syracuse, jimbo la New York, katika familia ya Kiyahudi. Alilelewa katika mji mdogo wa Binghamton, jimbo hilohilo. Baba yake alikuwa na duka la vyakula, kisha uchumi ulipoharibika akawa mwenye bucha. Kwa hivyo msidhani kwamba mwandishi huyu alizaliwa na kijiko cha dhahabu mkononi.

Alipomaliza shule ya upili mwaka 1943, dunia ilikuwa vitani. Ingawa alikuwa mfupi wa kimo, alijiunga na jeshi akawa askari wa miavuli, wale wanaoruka kutoka kwenye ndege. Huko jeshini alipigana pia ndondi. Alipelekwa Ufilipino kupigana na Wajapani, akajeruhiwa. Katika kisiwa cha Leyte alimwona rafiki yake akifa. Hakuuawa na risasi ya adui. Aliangukiwa na kreti la chakula lililodondoshwa na ndege ya jeshi lao wenyewe.

Hebu tafakari kidogo. Chakula kinacholetwa kuokoa maisha ndicho kinachoua. Katika darasa la fasihi jambo la namna hii tunaliita kinaya. Sisi tunajifunza kinaya ili tupate alama katika mtihani, lakini Serling alikiona kwa macho yake akiwa bado kijana. Baba yake naye alifariki mwaka 1945, na mwana hakupata ruhusa ya kwenda kumzika.

KUINGIA KATIKA UANDISHI

Baada ya vita serikali ya Marekani iliwalipia askari wengi masomo. Serling alikwenda Chuo cha Antioch, jimbo la Ohio, akahitimu mwaka 1950. Akiwa chuoni alioa, na ili apate pesa za ziada alikubali kuruka kwa miavuli iliyokuwa ikifanyiwa majaribio. Mtaka cha mvunguni sharti ainame!

Kisha akaajiriwa katika kituo cha redio huko Cincinnati. Mchana aliandika alivyoamriwa, na usiku akaandika yake mwenyewe nyumbani. Miswada mingi aliyoituma kwa wenye vipindi ilirudishwa. Wewe uliyekataliwa shairi moja na mhariri wetu ukanuna wiki nzima, hapo una somo.

Tarehe 12 Januari 1955 mchezo wake "Patterns" ulionyeshwa kwenye runinga. Unasimulia tajiri wa kampuni anayemdhalilisha mfanyakazi wake mzee siku baada ya siku ili ajiuzulu, na kijana aliyeletwa kuchukua nafasi yake ambaye dhamiri inamsumbua. Wakati huo michezo mingi ya runinga iliigizwa moja kwa moja. Mwigizaji akisahau maneno, nchi nzima inaona. Mchezo huo ulisifiwa hivi kwamba waigizaji waliitwa kuurudia tena tarehe 9 Februari mwaka huohuo, nao ukampatia mwandishi tuzo ya Emmy, ambayo ndiyo tuzo kubwa ya runinga nchini Marekani. Katika maisha yake alipata sita.

Tarehe 11 Oktoba 1956 ukafuata "Requiem for a Heavyweight", juu ya bondia aliyechakaa anayeambiwa na daktari asipigane tena, naye hajui kazi nyingine yoyote. Unakumbuka kwamba Serling alipigana ndondi jeshini? Funzo la kwanza ndilo hilo: andika juu ya unachokijua.

MKASI WA WADHAMINI

Sasa tufike penye kidonda. Runinga ya Marekani wakati huo iliendeshwa kwa pesa za kampuni zilizotangaza bidhaa zao. Kampuni moja ingedhamini kipindi kizima, na mwenye pesa ndiye mwenye mkasi. Serling alisimulia kwamba katika mchezo wake mmoja, mhusika anayemwomba mwenzake kiberiti alinyamazishwa kwa sababu mdhamini aliuza vibiriti vya gesi. Hilo ni la kuchekesha. Lifuatalo si la kuchekesha.

Mwezi Agosti 1955 kijana mweusi wa miaka 14, Emmett Till, kutoka mji wa Chicago, alikuwa amewatembelea jamaa zake katika jimbo la Mississippi. Alidaiwa kumkosea adabu mwanamke Mzungu. Alichukuliwa usiku, akateswa, akauawa na kutupwa mtoni. Wanaume wawili Wazungu walishtakiwa, na jopo la Wazungu watupu likawaachilia huru. Miezi michache baadaye wakakiri katika jarida kwamba ndio waliomuua.

Serling alitaka kuandika juu ya mji mzima unaomlinda muuaji. Alijua kwamba hataruhusiwa kumtaja kijana mweusi, kwa hivyo akamweka mzee wa Kiyahudi badala yake. Habari zikavuja kwamba mchezo huo kwa kweli ni wa Till, na makundi ya Wazungu waliotaka ubaguzi uendelee yakatishia kususia bidhaa za mdhamini. Mkasi ukaanza. Mji ukahamishwa kutoka kusini hadi kaskazini kabisa mwa nchi. Mzee akageuzwa kuwa mgeni tu, haijulikani ni wa kabila gani. Hata chupa za soda zikaondolewa jukwaani kwa kuwa zingewakumbusha watu majimbo ya Kusini. Mchezo huo, "Noon on Doomsday", ulionyeshwa tarehe 25 Aprili 1956 ukiwa kama kuku aliyenyonyolewa.

Mwaka 1958 alijaribu tena kwa "A Town Has Turned to Dust". Mara hii hadithi ikarudishwa nyuma hadi karne ya 19, na aliyeuawa akafanywa kijana wa Kimeksiko. Serling alilalamika hadharani kwamba kazi yake ilikatwa hadi ikaisha.

Nilipofika hapa katika masomo yangu nilifunga daftari. Nikajiambia, kumbe hata yeye!

KIPINDI CHA THE TWILIGHT ZONE

Mwaka 1959 Serling alianzisha kipindi chake mwenyewe, "The Twilight Zone". Twaweza kukiita "Eneo la Utusitusi", yaani pale ambapo si mchana wala si usiku. Kilikuwa na viumbe vya sayari nyingine, majini, mashine zinazosema na watu wanaorudi nyakati zilizopita. Mwezi Septemba mwaka huo alihojiwa kwenye runinga, akaonyesha kwamba amechoka kupigana na wadhamini na kwamba kipindi hiki hakitakuwa na mambo ya ubishi. Wadhamini wakalala usingizi.

Kilianza tarehe 2 Oktoba 1959, kikaisha mwaka 1964. Michezo yote ilikuwa 156, na Serling peke yake aliandika 92! Mara nyingi hakupiga taipu. Alisema maneno ya wahusika wote kwenye kinasa sauti, kisha katibu wake akayachapa. Yeye mwenyewe alisimama mbele ya kamera katika suti nyeusi kututambulishia hadithi, kama mtambaji wa ngano anayeanza na "Paukwa!"

Nitaeleza michezo miwili tu.

Wa kwanza ndio ule niliouona kwenye kipakatalishi cha mwalimu: "The Monsters Are Due on Maple Street", ulioonyeshwa tarehe 4 Machi 1960. Jioni moja kitu kinapita angani kwa mwanga na kishindo, kisha stima inapotea mtaani, simu zinakufa, magari hayawaki. Mvulana mmoja anasema kwamba katika hadithi alizosoma, wavamizi kutoka sayari nyingine hutanguliza familia inayofanana na binadamu. Watu wazima wanamcheka. Lakini gari la jirani mmoja linawaka lenyewe. Mwingine anakumbuka kwamba jirani huyo hukesha usiku akitazama nyota. Maneno yanapamba moto. Giza linapoingia wanaona mtu akija, wanampiga risasi, kumbe ni jirani yao aliyekwenda kuchunguza mtaa wa pili! Usiku huo wanararuana kama wanyama. Mwishoni tunawaona wageni wawili mlimani wakitazama. Hawakurusha hata jiwe moja. Walizima stima tu, na binadamu wakafanya yaliyobaki. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wa pili ni "Eye of the Beholder", wa tarehe 11 Novemba 1960. Mwanamke yuko hospitalini, uso wote umefungwa bandeji. Ametibiwa mara kumi na moja ili afanane na watu wengine, kwa maana nchi yao haitaki mtu aliye tofauti. Madaktari na wauguzi tunawasikia tu. Nyuso zao ziko gizani. Bandeji inapofunguliwa daktari anapiga ukelele kwamba imeshindikana. Nasi tunaona mwanamke mzuri ajabu. Kisha taa zinawaka, na tunaona wao ndio wenye pua za nguruwe. Zingatia jinsi taharuki ilivyojengwa. Mwandishi wa filamu haandiki maneno ya kusemwa tu. Huandika pia kitakachoonekana, na hata kitakachofichwa kisionekane mpaka wakati wake ufike.

Wakati michezo hii inaonyeshwa, watu weusi Marekani walikuwa bado wakidai haki zao. Serling hakutaja rangi ya mtu yeyote katika michezo hii miwili, lakini mwenye masikio alisikia. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua.

FILAMU NA MIAKA YA MWISHO

Serling aliandika filamu pia. Mwaka 1964 ilitoka "Seven Days in May", kuhusu majenerali wanaopanga kumpindua rais wa Marekani. Mwaka 1968 ikaja "Planet of the Apes", aliyoiandika pamoja na Michael Wilson kutokana na riwaya ya Mfaransa Pierre Boulle. Rubani wa chombo cha anga anatua mahali ambapo masokwe ndio watawala na binadamu ndio wanaofungiwa vizimbani. Mwishoni anakuta sanamu mashuhuri ya New York imezama nusu mchangani, ndipo anapong'amua kwamba hakutoka duniani hata kidogo. Ni binadamu wenyewe walioiangamiza.

Haikuwa asali tupu. Haki zake za "The Twilight Zone" aliziuza, na kipindi kikaendelea kurudiwa na kuwaletea wengine faida. Katika kipindi chake cha baadaye, "Night Gallery", kilichokwisha mwaka 1973, jina lake lilitumika lakini uamuzi haukuwa wake, naye hakuficha uchungu wake. Alifundisha uandishi katika Chuo cha Ithaca, New York. Alikuwa mvutaji sigara wa kupindukia. Alifariki tarehe 28 Juni 1975 baada ya kupasuliwa moyo, akiwa na miaka 50 tu.

FUNZO KWETU SISI

Baada ya kusoma hayo nilirudi kwenye mchezo wangu nikiwa na bidii ya mchwa. Nikasema, nami nitafumba! Nikaugeuza ukawa wa wanyama, nikauita "Kisima". Ni wakati wa kiangazi, na fisi ndiye mwenye orodha ya wanaoruhusiwa kunywa maji. Tuliusoma chamani Ijumaa moja, watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Nilivimba kichwa.

Mwenzangu wa dawati alikuwa amerudi, baada ya mama yake kuuza mtamba wao. Nikamuuliza ameuonaje. Akasema, "Ni mzuri. Lakini mbona mimi sikujiona mahali?"

Usiku huo niliusoma upya nikagundua nilichofanya. Ili fisi asimfanane mtu yeyote mkubwa, nilikuwa nimeandika kwamba swala alikosa maji kwa sababu alichelewa kufika kisimani. Alichelewa! Yaani kosa nililitoa kwa fisi nikambandika swala. Hakuna mtu aliyeniamuru kufanya hivyo. Mkasi nilikuwa nimeushika mimi mwenyewe, nikidhani ni fumbo.

Hapo ndipo nilipomwelewa Serling. Alibadilisha mahali, wakati na wahusika mara zote, katika kazi zilizoharibika na katika kazi zilizofana. Kwa hivyo kubadilisha siko kunakoharibu. Tazama tofauti. Katika "Noon on Doomsday" walimwondolea sababu iliyomfanya mtu auawe, tukabaki na kifo kisicho na chuki iliyokizaa. Katika Mtaa wa Maple alibadilisha kila kitu isipokuwa kosa lenyewe: woga unazaa shuku, shuku inazaa mauaji, na wanaoua ni watu wema kama mimi na wewe. Fumbo zuri hubadilisha nguo za hadithi na kuliacha kosa mikononi mwa mwenye kosa. Likimhamishia kosa aliyekosewa, hilo si fumbo tena, ni uongo.

Kwa hivyo, ndugu mwandishi chipukizi, ukitaka kufumba jiulize maswali matatu. Mosi, nani amefanya kosa, na je, bado ni yeye? Pili, nani ameumia, na je, akiusoma atajiona? Tatu, kama mabadiliko haya hayakuamriwa na mtu, ninayafanya kwa ajili ya hadithi au kwa ajili ya woga wangu?

Nimeuandika "Kisima" mara ya tatu. Sasa swala anafika wa kwanza, alfajiri, kibuyu mkononi. Orodha inasomwa. Mtoto wa fisi, ambaye kwao ni kando ya mto, anaitwa anywe. Swala anasimama hadi jina la mwisho, kisha anageuza kibuyu chake chini juu, na pazia linafungwa. Mlezi wetu aliusoma akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Huu nitausimamia." Umekubaliwa kuigizwa siku ya kutoa tuzo, na jarida hili linapokwenda mitamboni tumo mazoezini. Nilitaka mwenzangu aigize swala. Amekataa katakata. Amechagua kuwa fisi anayesoma orodha, na anasema anajua vizuri sana jinsi inavyosomwa.

Nikomee hapo, nisije nikawachosha. Wino haujaisha, ila nafasi niliyopewa imejaa.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Eleza kinaya kilichomo katika kifo cha rafiki yake Serling kisiwani Leyte.
2. "Mwenye pesa ndiye mwenye mkasi." Jadili kauli hii ukirejelea michezo miwili ya Serling.
3. Linganisha "Noon on Doomsday" na mchezo wa Mtaa wa Maple. Ni mabadiliko yapi yaliyoua hadithi, na yapi yaliyoipa uhai?
4. Mwaka 1959 Serling alisema kipindi chake hakitakuwa na mambo ya ubishi. Je, alikuwa amekata tamaa au alikuwa akifumba? Tetea jibu lako.
5. Chagua jambo moja linalokukera kijijini au mtaani kwenu. Liandikie mchezo wa fumbo wa kurasa mbili, kisha umpe asome mtu ambaye jambo hilo limemuumiza.

Mwandishi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu na mwanachama wa Chama cha Kiswahili.